Mwenyekiti wa Malishoni

Ephantus Karanja alisoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote aliumwa na mbwa mara nne tu. Wenzake walikuwa wakiumwa kila mwezi. Ukimuuliza alifanyaje, atakuambia hakuna uganga wowote: unasimama langoni, unabisha mara mbili, unangoja, na mwenye nyumba akitoka na hasira zake unamwacha azimalize kwanza, ndipo unauliza mita iko wapi. Alizunguka hivyo Kangemi, Uthiru na vichochoro vyote vilivyo katikati, daftari kwapani, kalamu mbili mfukoni. Kufikia siku aliyostaafu, upande huo wa barabara ya Waiyaki Way hakukuwa na lango ambalo hakulijua.

Mtu wa namna hiyo akistaafu, watu hawamwachi akae. Wakamfanya mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya ujirani na usalama hapo mtaani kwao Uthiru, cheo kisicho na mshahara wala ofisi, ila simu tele. Mpangaji kahama bila kuaga, simu. Majirani wanagombania mtaro wa maji machafu, simu. Alizipokea zote, hata akiwa na tonge mdomoni, na kila ugomvi aliupeleka kwa njia yake ile ile ya kubisha mara mbili na kungoja. Aliamini kwamba hakuna jambo lisiloweza kumalizwa na watu waliokaa kitako na kusikilizana. Wapo waliomcheka kwa hilo, lakini wakiwa na shida walimpigia yeye.

Mkewe, Virginia, alikuwa mwalimu wa chekechea. Nusu ya vijana wa mtaa ule walifundishwa naye kufunga kamba za viatu, na mpaka leo wanaume wenye ndevu humwita Ticha. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga akiwa jikoni anakatakata sukuma wiki. Alipona, kwa maana ile ambayo madaktari hulitumia neno hilo. Mkono wa kulia ulilala, mguu wa kulia ukawa mzito, na maneno yakawa yanamjia moja moja, kila neno kwa jasho lake.

Kisilu, kijana aliyemfanyisha mazoezi ya viungo katika zahanati moja ya Kangemi, hakuwaficha. "Mzee, huyu mama atembee kila siku," alimwambia Ephantus. "Na si kwa sebule. Nje, kwa mchanga, kwa nyasi, mahali mguu unajifunza. Hii miezi ya kwanza ndio mguu unasikia. Ikipita akiwa amekaa, hautarudi tena."

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kumtembeza. Chini ya mtaa, karibu na mto, kuna uwanja ambao watu huuita Malishoni kwa sababu zamani ng'ombe wa maziwa walilishwa hapo. Ulitengwa kwa jengo fulani ambalo halikujengwa kamwe, ukabaki nyasi. Kwingine kote ni mteremko, mawe na magari. Basi kila siku saa nne asubuhi, Ephantus alimshika mkewe mkono wa kushoto, wakashuka polepole hadi Malishoni. Siku za kwanza Virginia alikwenda hatua ishirini na fimbo yake ya miguu minne. Mwezi wa pili zikafika themanini. Ephantus alizihesabu kwa sauti, akajivuna kwa kila moja kana kwamba miguu ile ni yake.

Halafu zikaja pikipiki.

Si hizi za bodaboda zinazobeba watu. Zilikuwa ndefu, nyembamba, zisizo na taa wala namba, zilizotengenezwa kurukia matuta na kupanda vilima, na sauti yake ukiisikia mara ya kwanza unafikiri kuna mtu anapasua bati. Vijana walizishusha Malishoni zikiwa mbili, kisha tano, kisha tisa. Walivaa helmeti zilizofunika uso mzima, hata mama zao wasingewatambua. Kwa miezi mitatu walilima uwanja ule kuliko trekta. Watoto wakaacha kucheza kandanda, mbuzi wa jirani mmoja akagongwa akafa, na waliokuwa wakikatiza kwenda kituoni wakarudi kuzunguka kwa barabara ya juu.

Virginia aliathirika vibaya zaidi. Sauti ile ikianza, hata ikiwa mbali, mguu wake ulikuwa ukikakamaa na mwili mzima kutetemeka, na hatua themanini zikarudi kumi na tano. Ephantus alipoona hivyo alikasirika, na alikuwa mtu asiyejua sana kukasirika. Ikamkaa kifuani bila mahali pa kwenda.

Mtaa ulijaribu yote ambayo mitaa hujaribu. Waliitisha baraza, wakaongea kwa muda wa saa tatu, wakaenda nyumbani. Waligawa filimbi, na kwa wiki moja kila mwenye filimbi akapuliza hadi zikawa kero kuliko pikipiki. Waliripoti, na afisa mmoja akawaeleza kwa upole kwamba mpaka wa Nairobi na Kiambu unapita mahali fulani katikati ya uwanja, naye hawezi kufuata mtu ng'ambo. Vijana walikuwa wameshajua hilo kabla ya wazee. Gari la polisi likija upande huu, wao wanakunywa soda upande ule.

Ndipo vijana wa bodaboda wa pale kituoni wakamjia Ephantus na wazo lao. "Chairman, hawa watu wametushinda," msemaji wao alisema. "Tupe ruhusa tu. Tunafunga waya kutoka hii nguzo mpaka ile. Mmoja akianguka, wengine hawatarudi."

"Waya urefu gani kutoka chini?" Ephantus aliuliza.

Yule kijana akaonyesha kwa mkono, karibu na shingo yake mwenyewe.

Ephantus aliwaambia nipeni mwezi mmoja. Nami nasema, hata kwa yote yaliyotokea baadaye, hapo hakukosea. Alichukua chupa ya chai na kiti cha plastiki, akakaa penye njia ya kutokea Malishoni, na kila pikipiki ilipoondoka aliifuata kwa miguu, taratibu, akiuliza huku na huku, mpaka lango ilipoingia. Nane kati ya tisa ziliingia katika malango aliyoyajua. Alibisha mara mbili. Wazazi wengine walidai mtoto wao hana pikipiki, huku harufu ya petroli ikitoka gereji. Aliwaacha wamalize.

Vijana wenyewe nao walikuwa na la kusema. "Guka, tukitoka hapa mnataka twende wapi?" mmoja alimuuliza, akimwita babu kwa Kikuyu, helmeti mkononi, uso umejaa chunusi. "Kila mahali kuna ploti ya mtu. Mnataka tukae base pale kona tukivuta bangi tu?"

Ya tisa ilikuja kwa pikapu kutoka mbali. Mwenyewe, kwa maneno ya wenzake, aliitwa Aman, na baba yake, Navneet, alikuwa na duka la jumla la vyombo huko Ngara. Ephantus akavaa koti lake la kanisani, akashuka mjini, akavuka hadi Ngara, akamkuta mzee wa rika lake amesimama katikati ya masufuria yaliyopangwa hadi darini. Navneet alimletea stuli, akaagiza chai kabla hata ya kuuliza ni nini.

"Mimi nilinunua hiyo pikipiki, mzee," alisema baada ya kusikiliza. "Sikuibiwa akili. Kaka yake alipokufa, Aman alilala kitandani miezi minne. Haongei, hali chakula. Mama yake Ramila analia jikoni, mimi nalia dukani. Halafu siku moja anasema, baba, nataka kuendesha. Wewe ungesema hapana?"

Ephantus alikiri kwamba asingesema.

"Basi nisaidie. Muwekeeni sheria, mimi nitazishika. Lakini musimfukuze."

Walikunywa chai yao yote. Ni hapo Ngara, juu ya stuli ile, ndipo mpango mzima ulipozaliwa. Uwanja ungegawanywa kwa matairi makuukuu, upande wa mto uwe wa vijana, upande wa mtaa uwe wa watu. Pikipiki zingekuja Jumamosi na Jumapili peke yake, kuanzia saa nane mchana. Kila kijana angevaa kizibao cha reflekta chenye namba mgongoni, ili helmeti isifiche mtu tena. Navneet akasema reflekta atazileta yeye.

Kanuni ya mwisho ilikuwa ya Ephantus mwenyewe, na aliipigania kuliko zote walipokutana na wazazi uani kwa Jacklyne, katibu wa kamati, ambaye ana duka la vyakula vya kuku. Alitaka jambo lolote likitokea limalizwe nyumbani. Polisi wasiitwe, mtoto asipelekwe kituoni akachafuliwa jina maisha yake yote. Wazazi watakuja kwa aliyekosewa na mzigo wao wa sukari na unga, wataomba msamaha, chai itapikwa, na chai ikishanywewa jambo limezikwa. Halitajwi tena, si kwenye kamati, si kanisani, si barabarani. Ndivyo baba yake alivyomaliza ugomvi, na babu yake pia. Wazazi walishusha pumzi waliposikia hivyo. Wote tisa wakatia sahihi siku hiyo hiyo, na mtoto wa Jacklyne, Ken, alikuwa mmoja wa wale vijana tisa.

Mpango ukafanya kazi. Hata mimi nisingeamini, lakini ulifanya kazi. Wikendi vijana walikuja na namba zao, wakakaa upande wao, saa kumi na mbili wakaondoka. Chifu aliusifu barazani mara mbili. Siku za wiki Malishoni palirudi kimya, na Virginia akaanza kuhesabiwa upya: hamsini, mia, mia mbili na kumi. Ikafika siku akavuka uwanja wote hadi kwenye matairi na kurudi. Jioni hiyo, wakila, aliweka kijiko chini akamtazama mumewe.

"Kesho," alisema, akapumzika. "Bila... mkono."

Ephantus hakulala vizuri kwa furaha.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Saa nne na nusu asubuhi Virginia alisimama kwenye nyasi na fimbo yake, mumewe akamwachia mkono, akaanza kwenda peke yake. Alikwenda hatua thelathini. Hapo simu ya mwenyekiti ikalia. Lilikuwa jambo la mtaro ule ule wa maji machafu, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya, Ephantus akageuka, akapanda juu kidogo kuelekea barabarani, kidole sikioni, akisema haloo, haloo.

Aliisikia pikipiki kabla ya kuiona. Alipogeuka ilikuwa imekwisha kupita matairi ikitokea mtoni, imemkosa Virginia kidogo tu, lakini usukani ulikuwa umegonga fimbo, na mkewe alikuwa chini. Ephantus alikimbia kadiri miaka sabini ilivyomruhusu. Kwa mbali alimwona kijana akishuka, akimwinua yule mama na kumkalisha, akimshika mikono. Kisha kijana, helmeti imeshafunika uso tena, akageuka, akamwona mzee anakuja, akaruka kwenye pikipiki na kuondoka. Mgongoni palikuwa na namba saba.

Virginia hakuvunjika mfupa. Alivimba nyonga na kuchubuka kiwiko. Namba saba ilikuwa ya Aman, lakini Aman asubuhi ile alikuwa dukani Ngara, wateja na majirani wote wa duka walimwona. Ikajulikana kwamba vijana walikuwa wakibadilishana reflekta tangu wiki ya pili, na kwamba ile namba saba ilikuwa imesahaulika Jumapili juu ya matairi. Yeyote angeweza kuiokota.

"Ulimwona uso?" Ephantus alimuuliza mkewe, akimkanda nyonga kwa maji ya moto.

Virginia aliushika mkono uliokuwa ukimkanda. "Alitoa... helmeti," alisema. "Alilia."

"Nani huyo?"

"Mtoto," alisema. Aliulizwa tena siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa, na hakuongeza neno. Ephantus alijua kwamba anamjua. Alijua pia kwamba mwanamke aliyefundisha watoto kwa miaka yote ile hawezi kumtaja mmoja wao, na alimwonea uchungu na hasira kwa pamoja.

Jumapili wazazi wakaja, nyumba zote tisa. Kwa kuwa hakuna aliyekiri, walikubaliana kuja wote. Walijaza sebule, wengine wakakaa kwenye mikono ya makochi. Meza ilijaa sukari, unga, maziwa na mikate, na Ramila alileta boksi la peremende za maziwa alizotengeneza mwenyewe. Jacklyne alisema kwa niaba yao, kwa maneno mazuri, na machozi yalimtoka kwa kweli. Virginia alikaa kwenye kiti chake, akitazama mtu mmoja baada ya mwingine.

"Mimi nauliza neno moja tu," Ephantus alisema alipopewa nafasi. "Ni nani alikuwa anaendesha?"

Navneet alitazama viatu vyake.

"Mzee," Jacklyne alisema taratibu, "si tumesema ni kosa letu sisi wote? Tukianza kutafuta mmoja, si tutarudi kwa polisi tu? Na hiyo kanuni ni yako."

Ilikuwa yake. Aliitazama sukari ile, akamtazama mkewe, akatafuta ndani yake ile subira iliyomvusha mbele ya mbwa wote wale, na alichopata kilikuwa kidogo. Alisema nimewasamehe. Alisamehe nyumba tisa bila kujua amemsamehe nani. Chai ikaletwa, ikanywewa, watu wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Tangu siku hiyo Virginia hakushuka Malishoni. Ephantus alijaribu asubuhi, akajaribu jioni, akajaribu siku za mvua ambazo hata mwendawazimu hangetoa pikipiki. Mkewe alifika mlangoni, akasikia lori likipita barabara ya juu, mguu ukakakamaa. Ephantus akasogeza makochi ili mkewe atembee sebuleni. Virginia alizunguka siku mbili, akakaa. Kisilu alikuja nyumbani, akaukunja mguu na kuunyoosha. Alisema, "Mguu unafunga, mzee. Mrudishe nje," na Ephantus akaona aibu kumwambia kwamba hawezi.

Lilibaki jambo moja la kujaribu. Kwenye kikao cha kamati, ambayo sasa ilikuwa ya wazazi wale wale, aliomba pikipiki zisimamishwe miezi miwili, zisije hata wikendi, ili Malishoni pakae kimya kabisa.

"Sababu ni gani, chairman?" Jacklyne aliuliza, kalamu tayari.

Ephantus akafungua mdomo. Sababu ilikuwa nyumbani kwenye kiti, na chai ilikuwa imeshanywewa, na watu saba waliomtazama walikuwa wamekunywa chai hiyo. Angeitaja, angekuwa mtu anayefukua alichokizika mbele ya mashahidi, na hakuna mtu mtaani pale angemwamini tena katika jambo lolote. Alisema, "Nafikiri tu pangepumzika." Wakapiga kura. Wakaona mpango unaenda vizuri, mbona uvurugwe.

Ulikuwa unaenda vizuri kweli. Habari zake zilifika Kangemi, ambako nao walikuwa wamechoshwa na pikipiki kama zile, wakatuma wajumbe sita kuja kujifunza. Aliyewaongoza aliitwa Dalmas, fundi wa milango ya chuma, mtu makini mwenye daftari jipya. Kikao kilifanyika uani kwa Jacklyne, na chifu mwenyewe alikuja. Ephantus alisimama akaeleza matairi, saa, namba na kubadilishana kwa reflekta, ambako siku hizi kulikuwa kumekomeshwa. Alieleza kanuni ya kumaliza mambo nyumbani, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa kwa kuipenda. Dalmas aliandika kila kitu.

"Swali la mwisho, mzee," Dalmas alisema. "Watu wetu wataniuliza hili kwanza. Tangu muanze huu mpango, kuna mtu ameumia?"

Jacklyne alikuwa ameinamia makaratasi yake bila kuinua macho. Wazazi wengine watatu walikuwapo, na kila mmoja alimtazama Ephantus, si kwa ubaya, bali kama watu wanaomwomba kitu.

"Hakuna," Ephantus alisema.

Dalmas akaandika. Chifu akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Alirudi nyumbani saa saba. Virginia alikuwa pale alipomwacha, shali begani, chakula kimepoa. Ephantus alivuta stuli akakaa mbele yake, magoti yao yakigusana, akajua kwamba atamwambia kwa kuwa hajawahi kumficha kitu.

"Walitaka nini... wageni?" mkewe aliuliza.

"Wanataka kuiga mpango wetu. Waliuliza kama kuna mtu aliumia."

Virginia alingoja.

"Nimewaambia hakuna," Ephantus alisema, na uso wake ukaharibika, akalia waziwazi kwa namna ambayo hakuwahi kulia hata siku ya kiharusi. Hakuomba msamaha. Hakujua angeuombea kwa njia gani, na asingeweza kuja kwake na sukari.

Virginia aliuchukua mkono wake wa kulia uliolala kwa ule wa kushoto, akauweka vizuri mapajani.

"Sawa," alisema. Lilikuwa ndilo neno pekee lililomtoka bila taabu siku zile.